Kipimo cha joto la moshi kwenye Rotax 503: miezi saba na cha dijitali

Mimi ni fundi wa mashine za boti, Malindi. Injini za mapigo mawili nimezisoma kwa rangi ya plagi tangu nilipokuwa nashikia mafundi wakubwa tochi. Plagi ikitoka kahawia kama chai ya maziwa, mashine ina afya. Ikitoka nyeupe kama chokaa, mvuvi huyo namzuia asiende mbali na ufuo mpaka tumalize kazi. Kwa hiyo Mwalimu, aliyestaafu kufundisha fizikia na kujijengea ndege ya viti viwili kule Kajiado, alipoileta Pwani juu ya lori, mabawa yamefunguliwa na kulazwa kando, alinijia mimi.

Injini ni Rotax 503. Silinda mbili, kabureta mbili za Bing, petroli iliyochanganywa na oili hamsini kwa moja. Kwa mashine yangu ya boti hakuna kigeni hapo, ila boti ikizima unatia nanga.

Kwenye dashibodi palikuwa na kipimo cha zamani cha joto la moshi, saa moja yenye mishale miwili, kila mmoja na silinda yake. Nitakisifu hicho kwanza kabla ya kipya. Hakina betri wala waya wa umeme. Kihisi kilichochomekwa kwenye bomba la ekzosi ni nyaya mbili za madini tofauti, aina ya K, zilizounganishwa nchani. Ncha ikipata moto, zenyewe zinazalisha umeme kidogo, kama milivolti 25 kwenye nyuzi 600, na umeme huohuo ndio unaosukuma mshale. Betri ya ndege ife, alternata ife, mshale bado unakwambia ukweli.

Na ulituambia siku ya kwanza. Mkia tuliufunga kwenye mnazi, tukawasha. Kajiado iko juu zaidi ya futi 5,000, hewa nyepesi, na Mwalimu alikuwa ameweka jeti ndogo, yaani kitundu kinachopitisha petroli, na kushusha sindano za kabureta ili petroli isizidi. Kule ilikuwa sawa kabisa. Huku chini hewa ni nzito, petroli ni ileile ya Kajiado, na katika injini hizi petroli ikipungua na oili imepungua. Tulipofika mizunguko 5,000 kwa dakika, mshale wa silinda ya upande wa magneto ulipita 640. Mwisho wake ni 650. Kipimo cha joto la kichwa cha silinda kilikuwa bado kimetulia kama hakuna kinachotokea, maana chuma huchelewa kupata habari ambayo moshi umeshaileta. Nikapaza sauti, "Mwalimu, zima!" Akazima. Plagi zilitoka nyeupe. Dakika chache zaidi, pistoni ingeng'ang'ania na injini ikwame palepale chini ya mnazi. Ingekuwa juu ya bahari je?

Tulibadilisha jeti, tukapandisha sindano, joto likarudi kwenye 560 na kitu. Ndipo Mwalimu akaagiza kipimo cha dijitali: njia nne, mbili za moshi na mbili za vichwa vya silinda, taa nyekundu ya tahadhari, na kumbukumbu ya joto la juu kabisa la kila safari. Pamoja na usafiri na ushuru kilimgharimu takriban shilingi 48,000. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu yapo mambo ambayo hayakunipendeza.

La kwanza ni karatasi ya maelekezo. Haisemi popote kwamba waya mwekundu ndio hasi. Kwa nyaya za K za Kimarekani, za njano na nyekundu, ndivyo ilivyo, na fundi umeme yeyote aliyezoea gari atazigeuza. Wala haisemi usirefushe kwa waya wa kawaida wa shaba. Sisi tulirefusha kwa shaba. Kiungio kikawa kando ya injini penye joto, dashibodi ikawa kwenye upepo, na kipimo kikawa kinasoma chini kwa nyuzi kama 40, yaani kinatuliwaza wakati tunapaswa kuogopa. Ilibidi tununue waya wa K mpaka nyuma ya skrini. Kwa mtu anayepanda nacho angani, sentensi hizo mbili zilistahili kuchapishwa kwa herufi kubwa.

La pili, skrini. Jua la Malindi saa nne asubuhi linaifuta. Tumeitengenezea kofia ya bati jeusi na sasa inasomeka. La tatu, namba zilirukaruka kwa nyuzi 30 kila tulipoongeza mafuta, mpaka nilipozitenga nyaya za vihisi na za plagi na kupeleka ethi zote sehemu moja.

Baada ya hapo sina lawama. Taa nyekundu tumeiweka iwake kwenye 630, na tofauti ya silinda mbili isizidi 25. Tofauti hiyo ndiyo ninayoitazama kuliko namba yenyewe. Mwezi wa tatu wa kukitumia, silinda moja ilianza kuachana na mwenzake, nyuzi 15, kisha 20, kisha 28, ndani ya safari nne, na mlio wa injini haujabadilika hata chembe. Nikakuta gasketi ya upande wa kabureta inavuta hewa. Kwa mishale miwili ya zamani, minene kama kijiti cha kiberiti, nyuzi 15 nisingeziona.

Anayenunua kitu hiki ajue pia namba zake ni zake. Kihisi chetu kiko milimita 100 kutoka uso wa pistoni, kama kiwanda cha injini kinavyotaka. Ukitoboa tundu lake mbele zaidi kitasoma kingine na injini ileile. Na asishangae kuona joto linapanda kwenye mwendo wa katikati kisha linashuka akifungua mafuta yote, kwa sababu juu kabisa kabureta inamwaga petroli zaidi. Propela ikiwa na mlalo mdogo, yaani mapanga yamegeuzwa kidogo tu, injini inazunguka bila mzigo na moshi unapanda joto. Mlalo ukizidi, moshi unapoa na vichwa vya silinda ndivyo vinavyochemka. Ukisoma moshi peke yake utafurahi bure.

Kinachonitia hofu zaidi ni kushuka. Tukirudi juu ya mdomo wa Mto Sabaki, nikiwa kiti cha kulia, Mwalimu alipunguza mafuta hadi nusu na kuinamisha pua taratibu, mteremko mrefu mzuri wa kutazama maji mekundu yakiingia baharini. Upepo ukaisukuma propela, mzigo ukaondoka kwenye injini, na 570 ikawa 600, ikawa 625. Taa ikawaka. Akainua pua, akafunga mafuta kabisa, namba zikaporomoka. "Fundi, hii Kajiado sikuwahi kuiona," akaniambia tulipotua. Kule juu hakuwa na taa, na macho ya rubani anayeshuka yako nje, kwenye kiwanja.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ile karatasi ya maelekezo. Cha zamani hatujakitupa. Nimekiacha upande wa kushoto wa dashibodi na vihisi vyake vyenyewe, na kila tukifunga mkia kwenye mnazi ninalinganisha mishale na skrini kabla Mwalimu hajafunga mkanda.