"Upele huo, dada": uzoefu wangu na kliniki moja ya mifugo Mwanza

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Paka wangu Pamba ni mweupe pee. Tunakaa Kitangiri, na kutwa hujilaza juu ya jiwe nyuma ya nyumba, jua lote likimwishia masikioni. Vuli ilipoanza nikaona ncha ya sikio la kushoto imekuwa nyekundu, ina kigaga. Kikibanduka inatoka damu, kesho kinarudi. Nikampeleka kliniki moja hapa mjini, jina sitalitaja.

Yule kaka wa mbele hakunyanyuka hata kwenye kiti. "Upele huo, dada." Akanipa dawa ya kupaka, nikalipa. Nikapaka wiki, nikapaka mwezi. Nikarudi, upele. Mara ya tatu ukingo wa sikio umeshaliwa kama karatasi iliyotafunwa na panya, na linanuka. Nikamwambia huu si upele. Akacheka. "Kwani paka wameisha mwaloni Kirumba? Si uokote mwingine?" Na waliokuja na mbwa wao wakacheka. Nilitetemeka mwili mzima. Paka huyu ndiye niliyelala naye nilipofiwa na mama, halafu naambiwa niokote mwingine!

Nikapandisha sauti, ndipo akatoka daktari wa kike kule nyuma. Akamshika Pamba kidevu, akalikunjua sikio kwenye mwanga, akatazama pua na kope, akamfungua mdomo, akapapasa tezi za shingoni. Polepole, bila kunidharau, akanieleza: inaelekea ni saratani ya ngozi, na paka weupe inawapata sana kwa kuwa masikio, pua na kope zao hazina rangi ya kuzikinga na jua. Mara nyingi haina haraka ya kusambaa mwilini, ila pale ilipo inakula bila huruma. Akamkata masikio yote mawili, kipande kikapelekwa maabara, jibu likawa lile lile. Akanikataza kumpaka mafuta ya jua ya binadamu, maana paka hujilamba na mengine yana zinki, ni sumu kwake.

Nilikusudia kuwaambia msiende kabisa. Lakini mshono wa yule mama ulipona safi, hata usaha haukutoka. Basi nendeni, mumuulizie yeye.

Hapana, ngojeni. Yeye mwenyewe alisema ningewahi, huenda angekata ncha tu. Nilimleta! Mara tatu nilimleta! Masikio ya Pamba yameondoka kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kunyanyuka kwenye kiti, na mpaka leo kiti hicho bado anakikalia. Msiende. Au mkienda, piteni moja kwa moja nyuma.

Siku hizi namfungia ndani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Anakaa mlangoni, kichwa kimekuwa duara kama chungwa, analilia jiwe lake.