Karamu ya Babette: tafsiri ilinitoroka mezani

Ni majuma machache yaliyopita, siku yenyewe siikumbuki, nilipoketi hatimaye kuitazama Babettes gæstebud, filamu ya Kidenmark ya mwaka 1987 ambayo Gabriel Axel aliitengeneza kutokana na hadithi ya Karen Blixen, yule aliyewahi kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong.

Kwa zaidi ya saa moja sikuwa na la kulalamikia. Mabinti wawili wa mchungaji wanazeekea kijijini, kwenye pwani ya Jutland, wakipikiwa samaki wakavu na mkate uliochemshwa kwa bia na Babette, Mfaransa aliyekimbia umwagaji damu wa Paris wa 1871. Babette anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu, anaomba kupika karamu moja tu ya Kifaransa, na Martine, mmoja wa mabinti wale, aliyeingiwa na hofu baada ya kumwona kasa hai jikoni, anawashtua waumini hata wanawekeana ahadi ya kula bila kutia neno juu ya chakula.

Supu ya kasa ilipoletwa, maandishi ya tafsiri yakatoweka, yasirudi mpaka wakati wa kahawa. Aliyeiona filamu hii ataielewa hasira yangu: mezani pale mgeni mmoja, Jenerali Löwenhielm, haijui ahadi ile, kwa hiyo anausifu mvinyo kwa bashasha, naye jirani yake anamjibu habari za theluji. Kichekesho chote kimo humo, nami nilibaki kumtazama mzee aliyevaa nishani akifumbua na kufumba mdomo.

Nilipoandika kulalamika, mhudumu wa huduma ya filamu niliyoilipia alinijibu hivi: "Mpendwa mteja, hapo watu wanakula tu. Ulitaka kusoma nini?"

Kwa ghadhabu nilitaka kuipa filamu nyota mbili, jambo ambalo sasa naliona ni dhuluma, maana Axel hakunikosea kitu. Tena nakiri, kwa shingo upande, kwamba bila tafsiri yoyote nilimwona bibi mmoja akionja maji, akikunja uso, kisha akiirudia bilauri ya mvinyo upesi, nikacheka peke yangu. Nyota tano, basi, ila zote ni za Babette. Huduma ile haistahili hata nusu, na usajili wangu niliufuta usiku uleule.

Juzi nimelipia tena, kwa kuwa kwingine sikuipata. Supu ikaletwa, maandishi yakatoweka vilevile.