Ukara siku moja na boda wa kukodi (uzoefu wangu)

Kabla sijaenda nilitafuta mtu wa kuniambia Ukara, kile kisiwa cha Ziwa Victoria jirani na Ukerewe, pakoje nikakosa, kila mtu anaishia kwenye jiwe linalocheza na selfi, kwahiyo acha niandike mwenyewe.

Usafiri mrefu lakini sio mgumu. Mwanza mpaka Nansio unaenda na meli, pale Ukerewe unapanda gari la Bugolora, afu kivuko mpaka Bwisya, ndo gati la Ukara. Kivuko sina neno. Sema tulivyokaribia gati watu walinyamaza ghafla, mi nikaendelea na stori zangu mpaka mama niliyekaa naye akanyoosha kidole majini, "ni hapo". MV Nyerere ilipinduka pale 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha kubeba watu 101 na waliokufa walizidi 220, na nchi kavu unaiona hiyo hapo. Niliufyata hadi tunashuka.

Boda nilimkuta gatini, tukaelewana elfu 30 kutwa nzima mafuta juu yake. Anaendesha vizuri, kisiwa anakijua, ila ana haraka kama anafukuzwa! Yeye akili yake yote ipo kwenye jiwe. "Dada twende jiweni kwanza, wageni wote wanaanza na jiwe." Haya tukaenda. Kuna mzee pale, nikamwamkia, nikatoa hela kidogo ya heshima (hii boda hakuniambia mapema, beba chenji), mzee akaongea na jiwe kwa Kikara, akaliwekea mkono na kweli jiwe zima likaanza kuyumba, nikacheka kama mtoto. Dakika kumi tumemaliza.

Sasa kilichonimaliza mimi ni mashamba, na huko boda hakutaka kusimama mpaka nilipomgomea. Yani Wakara hawaachi kipande. Kisiwa kidogo, watu wengi, mawe kila kona, na bado katikati ya mawe mawili unakuta matuta yamepangwa kama nywele za mwali. Ng'ombe hawazururi, wanafungiwa nyumbani wanaletewa majani, na mbolea inatoka pale kwenda shambani. Kwenye uwele wanapanda marejea (mmea wa jamii ya kunde), baadae wanayafukia ardhini yaoze yawe mbolea, na hii ni kazi ya mababu sio mradi wa juzi. Karibu na ziwa kuna mashimo wamechimba, nikadhani ni ya samaki, kumbe wanalima majani ya ng'ombe humo! Mama mmoja alikuwa anatoka na mzigo wa majani kichwani maji yanamchuruzika mpaka mgongoni, nikamwambia pole na kazi mama, akanijibu "asante, ng'ombe hajui Jumapili".

Chakula tulikula Bwisya, ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, safi sana, ila ukifika saa tisa utakuta masufuria yanaoshwa.

Boda nampa tatu juu ya tano. Angenipa tano kirahisi tu kama angenipeleka mashambani bila kununa, maana kule kwenye majani alikaa juu ya pikipiki anapiga honi. Na jioni akataka elfu tano ya juu eti tumechelewa, tukabishana mpaka kivuko kinapakia, nikampa elfu mbili. Mkienda pataneni mapema kwamba mashamba yamo kwenye bei.