TEAC A-3340S kwa umeme wetu wa Dodoma: uzoefu wangu, hasa sauti inapoleta shida

Ninaitumia TEAC A-3340S kuhamishia kwenye kompyuta kanda za kwaya na za ngoma za Kigogo, na mara chache kurekodi upya. Ni rekoda ya rili ya miaka ya 1970: treki nne kwenye utepe wa robo inchi, rili za hadi inchi 10.5, mwendo wa inchi 7.5 au 15 kwa sekunde, yaani sentimita 19.05 au 38.1. Ina hedi tatu (ya kufutia, ya kurekodia na ya kuchezea) na mota tatu. Naipa nyota nne kati ya tano. Sauti yake ikiwa nzima ni nene na safi, na karibu kila hitilafu unaweza kujua iko wapi kabla hujashika bisibisi. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya umri tu: swichi zinaota kutu, kapasita zinachoka, na vumbi letu la kiangazi halina huruma.

Tuanze na umeme, maana hapa ndipo wengi wanapolaumu hedi bure. Mota inayovuta utepe hufuata masafa ya umeme (Hz), haifuati volti. Mashine iliyofungwa puli ya 60 Hz kwa ajili ya Marekani ukiichomeka hapa kwenye 50 Hz, hata kwa transfoma nzuri ya kushusha volti 230 hadi 117, itazunguka kwa asilimia 83 ya mwendo wake. Sauti inashuka zaidi kidogo ya nusutoni tatu. Ilimba, ala ya muziki ya Kigogo, inasikika kama imelegezwa na waimbaji wa sauti ya kwanza wanageuka wa sauti ya pili. Transfoma inabadilisha volti tu, Hz zinabaki zilezile.

Kipimo chake ni rahisi. Pima utepe mtupu mita 11.43, weka alama mwanzo na mwisho, ucheze kwa inchi 15 huku umeshika saa. Ikichukua sekunde 30, mwendo ni sahihi. Ikichukua sekunde 36, una puli ya 60 Hz. Ikichukua sekunde 31 au 32, shida ni nyingine: mkanda wa mpira umelegea, au roli ya mpira imekuwa ngumu na utepe unateleza. Dawa ya kudumu ni puli ya 50 Hz, na fundi ahakikishe kwenye kitabu cha ufundi kama kapasita ya mota nayo inabadilishwa. Kwa kuhamisha kanda za zamani tu, unaweza kuchukua sauti ilivyo kisha ukaongeza kasi kwa asilimia 20 kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwa kutumia kibadilisha kasi, siyo kibadilisha toni. Kazi mpya usirekodi hivyo kama kanda itachezwa kwingine.

Sasa chaneli iliyokufa au inayokatikakatika. Angalia mshale wa mita kwanza. Mshale ukicheza lakini spika kimya, tatizo liko mwishoni mwa njia: jeki ya RCA au waya. Badilishana waya za chaneli mbili. Ukimya ukihama na waya, umemaliza. Mshale usipocheza, washa SYNC ya chaneli hiyo. Kwenye SYNC mashine inasoma utepe kwa hedi ya kurekodia badala ya hedi ya kuchezea, kwa hiyo una masikio mawili juu ya utepe mmoja. Sauti ikitokea kwenye SYNC (hata ikiwa nyepesi kwenye toni za juu, hiyo ni kawaida yake), kagua hedi ya kuchezea na waya zake nyembamba. Ikiwa kimya kote kuwili, hedi mbili hazifi pamoja: tafuta kwenye bodi ya chaneli hiyo. Bodi za chaneli zinafanana, kwa hiyo linganisha volti za bodi mbovu na za bodi nzima ya jirani, nukta kwa nukta.

Kanda ya zamani ikisikika vizuri lakini unachorekodi wewe kinatoka hafifu, usiguse upande wa kuchezea. Ikiwa ni chaneli moja, ni bodi au swichi ya kurekodia. Ikiwa ni zote nne na sauti ya zamani inasikika chini ya mpya, shuku osileta ya bayasi (saketi inayotoa mawimbi ya masafa ya juu yanayosaidia kurekodi), kwa sababu ndiyo inayolisha hedi ya kufutia pia. Bayasi ikiwa pungufu utaisikia: toni za juu zinakuwa kali na sauti inakwaruza.

Mikwaruzo inayokuja na kuondoka, chaneli inayorudi ukigonga boksi, sauti inayopungua upande mmoja: mara nyingi sana ni swichi. Zima, chomoa, puliza kidogo dawa ya kusafishia kontakti za elektroniki kwenye kila swichi na kitasa, kisha vichezeshe kwenda na kurudi mara ishirini au thelathini. Usikubali fundi apulize WD-40 ya kawaida. Inaacha mafuta, na mafuta kwenye vumbi la Dodoma yanakuwa tope.

Mvumo una lugha mbili. Mvumo mzito wa 50 Hz unaingia kutoka nje: kitanzi cha ardhi (njia mbili za waya wa ardhi) kati ya rekoda na kompyuta, waya wa hedi uliokatika shildi, au transfoma iliyowekwa karibu na hedi. Chomoa chaja ya laptop, tumia betri. Mvumo ukipotea, weka transfoma ya kutenganishia kwenye njia ya sauti. Kukata waya wa ardhi kwenye plagi ni hatari, kusifanywe hata kwa majaribio. Mvumo wa 100 Hz, wenye ukali kidogo, ni kapasita za bodi ya umeme zimechoka. Weka za uwezo uleule, volti sawa au zaidi, zinazostahimili joto la nyuzi 105, na zipatie muda wa kumwaga chaji kabla ya kuzishika. Mafundi redio wa soko la Majengo wanaiweza kazi hii ukiwapelekea spea na mchoro.

Toni za juu zikififia kwenye chaneli zote, safisha kwanza. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi. Tafuta ya asilimia 99 kwa hedi na miongozo ya chuma, kwa vijiti vya pamba, mpaka kijiti kitoke cheupe. Roli ya mpira naifuta kwa maji na tone la sabuni, maana spiriti hukausha mpira. Zikififia kwenye treki 1 au 4 peke yake, ujue hizo ndizo za ukingoni: utepe umepinda, au mwongozo umejaa uchafu na utepe unanyanyuka hedini. Skrubu ya ulalo wa hedi iguse mwisho kabisa, ukiwa na kanda ya majaribio ya 10 kHz, huku ukilinganisha treki 1 na 4.

Kiangazi hewa ni kavu mno, na kurudisha kanda kwa kasi kunazalisha umeme tuli: utasikia vidoadoa vya "ta, ta" na utepe unavuta vumbi. Mimi narudisha kwa mwendo wa kucheza na kufunika mashine kila ikisimama.

Mlio wa kukwaruza unaotoka kwenye utepe wenyewe ni suala jingine. Kanda zilizokaa Dar au Zanzibar zinavuta unyevu, gundi yake inalainika na kuacha ute wa kahawia hedini; Ampex 406 na 456 ndizo zinazojulikana zaidi. Simamisha mara moja. Hukaushwa kwa nyuzi 54 kwa takriban saa nane, kwenye kikaushio cha matunda chenye thamostati, siyo oveni ya jikoni wala jua la paa la bati, kisha hupozwa na kuhamishwa ndani ya wiki chache. Rili ukiishika kwenye mwanga na mwanga ukapenya kwenye utepe wake, utepe ni wa asetati (aina ya plastiki ya zamani): hiyo usiikaushe kabisa.

Faida niliyoipenda zaidi: kanda za stereo za nyumbani zina treki 1 na 3 kwenda, 2 na 4 kurudi. Rekodi zote nne kwa pamoja kwenye kiolesura cha sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) cha ingizo nne, kisha geuza 2 na 4 nyuma-mbele kwenye kompyuta. Muda unakatika nusu.

Ukitaka kununua, kabla ya kulipa mwambie muuzaji acheze kanda kwenye chaneli zote nne, SYNC ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa, akutumie picha ya karibu ya hedi, na akuandikie puli ni ya Hz ngapi. Mtaro mpana uliochimbwa na utepe kwenye hedi ni gharama kubwa kuliko hitilafu zote nilizotaja hapo juu.