Brashi za kuoshea vyombo vya thieta, uzoefu wangu Dodoma

Mimi niko upande wa kuosha na kusterilaizi (kuua vijidudu) vyombo vya thieta, yaani chumba cha upasuaji, kwenye hospitali moja hapa Dodoma, na hii seti ya brashi nimeitumia vya kutosha sasa naweza kuiongelea. Nilimwagiza dada mmoja Kariakoo, ikaja na basi nikaichukua stendi ya Nanenane, ndani kuna za nailoni za unene tofauti, kuanzia kama milimita 2 mpaka 10, moja ya nywele za chuma, na moja ya mkononi inayofanana na mswaki.

Nilichopenda ni huo unene tofauti. Wengi wakinunua wanaangalia bei tu, ila kwenye vyombo vyenye tundu kama mirija ya sakshen (ya kufyonza damu na majimaji) unene ndo kila kitu jamani, ikiwa nyembamba inapita katikati hata ukuta haigusi, ikiwa nene nywele zinalala uchafu unabaki palepale. Inayofaa utaisikia mkononi, inagoma kidogo wakati inaingia. Ile nyembamba kabisa imenikosha, kuna Frazier (mrija mwembamba wa sakshen) ilishapigwa maji ya presha na kwa macho ilikuwa safi, nikapitisha brashi nikaifutia kwenye gozi nyeupe (kitambaa cha vidonda), ikaacha mstari wa kahawia, damu kavu hiyo.

Ya mkononi nayo iko poa kwenye meno ya fosepsi (koleo za kushikia) na pale kwenye bawaba, ila fungua chombo kwanza, na usugulie ndani ya maji sio juu juu, la sivyo inakurukia usoni. Maji yawe vuguvugu, yakizidi nyuzi 45 damu inaganda humo humo.

Ya nywele za chuma naitumia kwenye biti za drili za mifupa tu. Usiipeleke kwenye mikasi, stelesi ina utando mwembamba juu unaozuia kutu, ukiukwangua kwa brashi ya chuma au stilwaya ya jikoni (nimeona watu wanafanya!) subiri kutu tu. Yale madoa meupe yanayobaki kwenye vyombo msiisingizie brashi, hayo ni maji yetu ya visima na chumvi zake, suuza ya mwisho tumia maji yaliyotolewa chumvi.

Sasa kasoro. Shina fupi mno, kwenye Yankauer za chuma (mirija mirefu ya sakshen) haitokezi upande wa pili, na brashi isiyotokeza inasukuma uchafu katikati na kuuacha hukohuko. Halafu muuzaji alisema zinaingia otokilevu (mashine ya kusterilaizi kwa mvuke) nyuzi 134 bila shida, nene kweli zimevumilia, nyembamba nywele zimejikunja baada ya muda nikazitupa, maana iliyojikunja haisugui kitu.

Nyota tatu na nusu. Ukinunua ulizia urefu kwa sentimita kabla hujatuma hela, picha zinadanganya. Mimi nimeshamwambia anitafutie za shina la sentimita 40, amesema mzigo ukiingia atanishtua.