A220, 787 na 737 MAX: uzoefu wangu kwenye daraja la kawaida

Biashara yangu ni nguo za jumla Kariakoo. Mzigo natoa Guangzhou, na wateja wangu wengi wako Mwanza na Kahama, kwa hiyo nasafiri kwa ndege mara kwa mara, na siku zote ni daraja la kawaida. Siku hizi kabla ya kulipia tiketi naangalia kwanza ni ndege ya aina gani, bei baadaye. Ninayoipenda kuliko zote ni Airbus A220.

ATCL, shirika la ndege la Tanzania, ilipokea ya kwanza Desemba 2018, ikawa shirika la kwanza Afrika kuirusha. Ukiingia tu unaona tofauti: kushoto siti mbili, kulia tatu. Maana yake katika kila watu watano anabanwa mmoja tu, na hata huyo wa katikati amefikiriwa, kwa sababu siti yake ina upana wa kama inchi 19, wakati za pembeni ni 18.5. Kwenye Boeing 737 ni tatu kwa tatu, na siti ni kama inchi 17. Ukisafiri na mama yako au na mtoto, omba zile mbili za kushoto. Hakuna mtu mwingine wa kumwinua kila mnapotaka kwenda msalani. Madirisha ni makubwa pia. Mchana mkikaribia Mwanza unaliona ziwa na mawe yake bila kukunja shingo.

Halafu utulivu wake. Injini zake za Pratt & Whitney zina gia inayofanya feni kubwa ya mbele izunguke polepole kuliko turbini inayoiendesha. Hiyo inapunguza mafuta, na inapunguza kelele pia: ndege inapaa huku mnaongea kwa sauti ya kawaida. Kuna mlio mzito unaosikika inaposhuka kutua. Ukiusikia mara ya kwanza usiogope, ndivyo injini hizo zilivyo.

Ndege hii hawakuibuni Airbus. Ni kazi ya Bombardier wa Kanada, walioibuni upya kabisa na kuiita CSeries. Delta ya Marekani ilipoagiza 75, Boeing walikwenda kulalamika mwaka 2017 kwamba zinauzwa kwa bei ya kutupa, na wizara ya biashara ya Marekani ikapendekeza ushuru wa karibu asilimia 300. Bombardier, ambao mradi ulishawamaliza pesa, wakakubali kuwapa Airbus hisa nyingi za mradi kwa dola moja. Januari 2018 tume ya biashara ya Marekani ikaamua dhidi ya Boeing kwa kura 4 kwa 0, lakini makubaliano na Airbus yalikuwa yameshafanyika. Kwa maoni yangu, Boeing walimpa mpinzani wao mkubwa ndege bora kwa mikono yao wenyewe.

Kwenye 737 MAX ushindani huo ulileta msiba. Umbo la 737 ni la mwaka 1967. Airbus walipotangaza A320neo, A320 yao yenye injini mpya zinazotumia mafuta kidogo, mwishoni mwa 2010 na mashirika yakaikimbilia, Boeing waliamua kuifunga 737 injini mpya badala ya kubuni ndege nyingine. Injini hizo ni kubwa na 737 iko chini sana, ikabidi zisogezwe mbele na juu, jambo lililoelekea kuinua pua ya ndege katika hali fulani. Wakaweka programu ya kuishusha, MCAS, iliyotegemea kihisio kimoja; kikitoa kipimo cha uongo, pua inashushwa bila sababu. Ndege ya Lion Air ya Indonesia ilianguka Oktoba 2018, wakafa watu 189. Machi 2019 ikaanguka ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja Nairobi, watu 157, na 32 kati yao Wakenya. Bado naumia nikikumbuka wiki ile. Sasa programu inasoma vihisio viwili, nami napanda MAX 9 ya ATCL, safari zimekuwa tulivu. Lakini mwili unajua kwamba ndani ni upana uleule wa zamani.

Kwa safari ndefu ya China, 787 Dreamliner ya Boeing ni nzuri sana. Sehemu kubwa ya mwili wake ni nyuzi za kaboni, ambazo zinastahimili msukumo wa hewa na hazishiki kutu, kwa hiyo ndani hewa inaweza kuwa na unyevu zaidi, na msukumo wake ni kama uko mita 1,800 juu ya bahari, juu kidogo tu ya Mbeya mjini. Ndege nyingi za zamani ni kama mita 2,400. Nashuka Guangzhou midomo haijakauka, miguu haijavimba, na nikioga naenda sokoni siku hiyohiyo.

Lakini tusiwasifu watengenezaji peke yao. Japan Airlines wameweka siti nane kwa safu kwenye 787 zao za safari za kimataifa, wengine wengi wameweka tisa. Nilipanda 777 ya shirika moja la nje iliyopangwa kumi kwa safu, wakati mwanzoni wengi waliipanga tisa, na nilishuka mabega yananiuma. Kwa hiyo ukishajua aina ya ndege, tafuta pia ramani ya siti ya shirika lenyewe.

C919 ya Wachina niliipanda Guangzhou kwenda Shanghai. Tatu kwa tatu, safi, siti ya katikati imeongezwa upana kidogo. Ni mshindani wa kweli.

Alama zangu: A220 tisa kwa kumi, 787 nane na nusu, C919 saba na nusu, MAX sita. Moja niliyoipunguzia A220 ni ya injini: mwaka 2022 ATCL yenyewe ilitangaza kusimamisha baadhi ya A220 zake kwa tatizo la injini, na mashirika mengine duniani yamekumbwa nalo pia. Kama una mzigo au mkutano usiosubiri, nenda siku moja kabla.