Almasi ya pete ya harusi: tazama mkato kabla ya karati

Ukiingia duka la dhahabu Mji Mkongwe kutafuta pete ya almasi, swali la kwanza utakaloulizwa ni karati ngapi. Swali hilo linamfaa muuzaji kuliko wewe. Karati ni uzito tu, karati moja ni gramu 0.2, na uzito haumeremeti. Kinachoifanya almasi iwake kidoleni mwa bi harusi ni mkato: pembe na vipimo alivyoviweka fundi aliyeikata. Rangi na usafi vimetoka nayo ardhini, lakini mkato ni kazi ya mkono, na hapo ndipo pesa yako inapopona au kupotea.

Mwanga huingia juu, ukagonga nyuso za chini, kisha ukarudi juu machoni pako. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtaalamu wa kukata almasi, alipiga hesabu za almasi ya duara: pembe za juu nyuzi 34.5, za chini nyuzi 40.75, kimo kama asilimia 59 ya upana. Mafundi wa leo bado wanazunguka humo humo. Ikiwa nene mno chini, mwanga unatoroka na katikati kunafanya weusi. Ikiwa bapa mno, utaona duara la kijivu ndani ya uso wa juu, wenyewe wanaliita jicho la samaki. Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, lakini almasi ikivuja mwanga hasara ni ya mwenye pete.

Kwa nini basi fundi aikate vibaya? Kwa sababu jiwe huuzwa kwa uzito, na mkato mzuri unakula uzito. Ile almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, akapewa Princess Elizabeth wa Uingereza, ilikuwa na karati 54.5 ikiwa ghafi. Ilipokwisha kukatwa zilibaki 23.6. Zaidi ya nusu ilikwenda, na hakuna aliyejuta. Na ukiambiwa dukani "hii ya Mwadui", furahi kwa ajili ya nchi, lakini hilo halikwambii lolote kuhusu mkato.

Sasa chaguo zenyewe, kuanzia ile ningemshauri dada yangu.

Ya kwanza ni almasi ya duara yenye cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, mkato umeandikwa Excellent, yaani daraja la juu kabisa, uzito chini kidogo ya karati kamili, tuseme 0.90. Bei hupanda ghafla inapofika 1.00, na jicho halitofautishi. Hapa chukua rula ya fundi, ile ya kupimia milimita. Duara ya karati moja iliyokatwa vizuri ina upana wa karibu milimita 6.5, na ya 0.90 karibu 6.2. Ukikuta ya karati moja ina milimita 6.0, uzito umefichwa tumboni, na ya 0.90 itaonekana kubwa kuliko hiyo huku bei yake ikiwa chini. Nikiambiwa nitoe ushauri mmoja tu katika biashara hii, nitatoa huu.

Ya pili ni yenye mkato wa Very Good, daraja linalofuata, ikiwa fedha haifiki. Jishushe rangi kabla hujajishusha mkato: kwenye dhahabu ya njano, umanjano mdogo wa jiwe haujitokezi.

Ya tatu ni almasi iliyotengenezwa maabara, yenye cheti; nyingi huja na cha IGI, taasisi nyingine ya kupima vito. Ni almasi kweli, ugumu ule ule, na bei yake iko chini mno. Lakini usitegemee kuiuza baadaye. Kama mnaihesabu pete kuwa akiba, nunueni bangili za dhahabu.

Ya nne ni maumbo mengine: yai, tone, mraba. Kwa kawaida daraja la mkato la GIA ni la almasi za duara, kwa hiyo hapa unabaki na macho yako. Kwenye yai na tone angalia kivuli cheusi kinachokata katikati kwa upana. Kikiwa kizito, iache.

Ya mwisho ni jiwe lisilo na cheti, hata kama muuzaji ni jirani. Ile kalamu ya kupimia almasi haikuokoi. Inapima jiwe linavyopitisha joto, mosanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, huweza kuipita, na kuhusu mkato haisemi kitu.

Namna ya kutazama nayo ina adabu yake. Taa za dukani zimewekwa ili kila jiwe liwake, hata baya. Mwambie mwenye duka kwa upole, "Ami, niruhusu niitazame hapa mlangoni." Simama kivulini, si juani, kwani kwenye jua kali hata jiwe zuri hufanya giza. Lishike jiwe sentimita thelathini kutoka machoni, ligeuzegeuze polepole. Mwanga na giza vibadilishane kote, pasiwe na doa lililoganda pahali pamoja. Lakini kwanza omba lioshwe. Almasi hushika mafuta, hata migodini hunaswa kwa grisi, na pete iliyojaribiwa na vidole vya watu kumi, vingine vina mafuta ya nazi, haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Hata nyumbani, maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini kila baada ya muda.

Kabla ya kutoa pesa, omba kioo cha kukuzia mara kumi usome namba iliyochongwa kwenye ukingo wa jiwe, uilinganishe na cheti, kisha uitafute kwenye tovuti ya waliotoa cheti hicho. Kwenye risiti iandikwe namba hiyo, uzito, daraja la mkato, na siku mlizokubaliana za kurudisha.